Bulvari ina kila kitu, unga uko wapi? Historia ya maduka ya vyakula katikati ya Bunia

Juma lililopita, kama saa nne za asubuhi, nilikuwa nimesimama kando ya Boulevard de Libération nikitafuta motari wa kunirudisha Bigo. Mama mmoja akanikaribia, mtoto mgongoni, kifuko kitupu mkononi. Akasema: "Samahani mwanangu. Unga wa muhogo wanauzisha wapi hapa? Nimetoka mwisho ule wa njia, naona simu tu."

Niliitazama ile njia kama mgeni. Mkono wa kuume, duka la simu. Karibu yake, duka la jenereta na sahani za umeme wa jua. Halafu mlango mdogo wenye mizani, pale wanaponunua dhahabu. Halafu wabadilishaji wa pesa na meza zao, mafungu ya franka yamefungwa kwa mpira. Mbele kidogo palikuwa na duka lenye maandishi makubwa ya "Alimentation", tukaingia. Tukakuta biskuti, maziwa ya unga, tambi, mafuta ya chupa, juisi, sukari kwa mifuko mizima, samaki wa kopo. Bei nyingine zimeandikwa kwa dola. Unga wa muhogo haukuwapo, wala maharagi, wala chumvi ya kupimiwa kidogo. Kijana wa duka alimwambia mama kwa heshima kwamba wao hawapimi kwa kopo.

Tukatembea pamoja kuelekea soko kuu. Njiani akanieleza kwamba anatoka upande wa Fataki, wilayani Djugu, na kwamba kabla ya kukimbia nyumba yao ilikuwa ikijaza magunia ya maharagi na kabichi kwa wachuuzi walioleta mali hapa Bunia. "Hii Bunia nimeilisha miaka mingi," akasema, "lakini sokoni kwake sikuwahi kufika. Gari lilikuwa linakuja kwetu."

Wasomaji na wasikilizaji wetu wa Bunia, na ninyi ndugu zetu mlioko kambini, nimekaa na maneno hayo siku kadhaa. Swali la mama ni dogo, na familia nyingi zilizohamia mjini huliuliza kila siku. Jibu lake ni refu. Linaanza kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Zamani za posho

Wazee wanajua kwamba hapo mwanzo makao ya wakubwa wa serikali yalikuwa Irumu, kusini kwetu, na pesa ilikuwa kaskazini, kule Kilo. Dhahabu ilipatikana karibu na Kilo mwaka 1903, kazi ya kuichimba ikaanza 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni kubwa ambayo kila mtu wa Ituri anaijua kwa jina la Kilo-Moto. Maelfu ya wafanyakazi wake walihitaji kula kila siku na hawakuwa na nafasi ya kulima. Kampuni ikawapa posho. Chakula cha posho hakikutoka dukani. Kilitoka kwa wakulima wa milimani na kwa wavuvi wa Ziwa Albert, ambako samaki wa kukaushwa na wa chumvi walipandishwa kutoka Kasenyi hadi migodini.

Bunia ilikua njiani, kati ya ziwa, milima na migodi. Mizigo ilipita hapa, karani wa kuihesabu akakaa hapa, mwenye gari la kuibeba akajenga hapa.

Wakulima nao hawakuulizwa sana kama wanataka kuuza. Tangu mwaka 1917 sheria ya ukoloni iliwalazimisha wanavijiji wa Congo kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa hadi 120. Ukipiga hesabu utaona ni theluthi moja ya mwaka. Bei pia ilipangwa na wakubwa. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba zamani chakula kilikuwa rahisi mjini, usimkatalie, lakini muulize rahisi kwa nani. Kuna mtu kijijini aliyelipa tofauti ya bei kwa mgongo wake.

Katika miji ya Congo ya Wabelgiji kulikuwa na mji wa wazungu na mji wa Waafrika, na Bunia ilikua kwa fikira hiyo hiyo. Maduka ya matofali yenye baraza yalikuwa upande wa njia kubwa, karibu na ofisi. Wenye maduka walikuwa hasa wageni, na huku mashariki ya Congo Wagiriki walikuwa wengi katika biashara hiyo. Waliuza vitambaa, taa, baiskeli, chumvi, sukari, sabuni, na kwa wazungu wenzao siagi na divai. Mwafrika aliingia kununua chumvi au kitambaa, akaondoka. Chakula chake cha kila siku alikipata sokoni, chini, juu ya mikeka na majani ya ndizi, na mtoza ushuru alipita kati ya wamama.

Mpango huo haujafutika. Mpaka leo, mbele kwenye bulvari ndiko kunakouzwa vyakula vilivyofungwa kiwandani, vyenye maandishi ya nchi nyingine. Nyuma, ambako gari haliingii vizuri, ndiko kuna sombe, muhogo, viazi, samaki na mawese. Mtu akikuonyesha duka zuri la bulvari na kusema hapo ndipo penye chakula, anakuonyesha mji wa wazungu wa zamani bila yeye kujua. Wenye maduka wamebadilika mara tatu au nne tangu siku hizo, lakini mstari uko palepale.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Kuanzia 1962 hadi 1966 Bunia ikawa makao makuu ya jimbo dogo la Kibali-Ituri, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1964, uasi wa Simba ukafika mpaka huku. Wageni wengi wakakimbia, baadhi wakarudi. Hata hivyo maduka yaliendelea kufunguliwa, na milimani Djugu mashamba ya wazungu yaliendelea kutoa viazi, mboga na maziwa. Ardhi ya mashamba hayo ndiyo iliyokuja kuleta maneno mengine makubwa baadaye, nitayafikia.

Mwaka ambao rafu zilikauka

Watu wengi husema maduka ya Bunia yaliuawa na vita. Mimi naona yalianza kuugua mapema, tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Katika Zaire nzima Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine walipoteza maduka yao, na mali ikagawiwa watu waliochaguliwa, wengi wao wakubwa wa chama na jamaa zao.

Usinielewe vibaya. Kwamba biashara ya mji iwe mikononi mwa wana wa nchi, nani angekataa? Shida ilikuwa namna ya kugawa. Aliyepewa duka mara nyingi hakuwa amewahi kuuza hata kiberiti. Alikuta rafu zimejaa, akauza mali yote, akanunua gari, na rafu zilipobaki tupu hakujua pa kuagiza mali nyingine wala hakuwa na jina kwa wauzaji wa nje. Mwenye duka wa zamani alikuwa akikopesha wachuuzi wa vijijini chumvi na sabuni, nao wakimrudishia kwa mazao. Uzi huo ulikatika. Mkulima wa mlimani aliyezoea kubadilisha maharagi kwa chumvi akakosa chumvi, na karani wa mjini akakosa maharagi. Miaka miwili mitatu baadaye serikali ilianza kuwarudishia baadhi ya wageni mali zao, lakini wengi walikuwa wamekwenda moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1973 sheria mpya ya ardhi ikatolewa, ikasema ardhi yote ni ya serikali, na mashamba makubwa ya Djugu na Irumu yakaanza kupata wenyewe wapya.

Waliojaza nafasi tupu mjini hawakutoka kwenye ofisi. Wengi walitoka Butembo na vijiji vyake, wafanyabiashara Wanande waliojifunza kazi kwa kubeba mboga na kahawa. Wengine walikuwa wana wa Ituri wenyewe, wenye ng'ombe, samaki au gari moja bovu. Wakapata msaada ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu. Tangu hapo mtambo wa bulvari yetu ukapata moto wake: mchimbaji anauza dhahabu, mnunuzi anaitoa nje, na pesa ya huko haimrudii yeye kama pesa. Inarudi kama sukari, sabuni, vitambaa, chumvi, misumari, pikipiki. Ndiyo sababu mlango wenye mizani ya dhahabu na mlango wa depo ya sukari viko jirani, na mara nyingine ni vya mtu mmoja.

Jambo hili linafaa kueleweka na kila anayetafuta chakula katikati ya mji. Depo ya bulvari inaleta kile kinachoweza kukaa, kusafiri mbali na kuuzwa kwa katoni. Muhogo haukai. Sombe ikikaa siku mbili imekwisha. Tajiri wa dhahabu hana faida nao, na hutaukuta kwake hata ukizunguka mchana kutwa.

Siku za vita

Majeshi ya Uganda yaliingia Bunia mwaka 1998. Mwaka uliofuata, wilayani Djugu, ugomvi wa mashamba yale niliyoyataja ukageuka vita kati ya jamii, na mpaka 2003 Bunia ilibadilisha wakubwa mara nyingi. Mimi sitaandika hapa nani alimfanyia nani. Wanaosoma makala haya wamo wa pande zote, na wengi walizika watu. Nitasema tu juu ya chakula.

Kwanza, soko lilianza kuchagua watu. Jina la mtu na mtaa alikolala vilitosha kuamua kama angefika sokoni na kurudi. Mitaa ikaanza kujitegemea: meza ndogo mbele ya nyumba, kopo la chumvi, mafungu ya mafuta katika chupa ndogo za dawa. Wazee wa Bigo hupenda kubishana jioni ni mtaa gani ulioanza, lakini wanakubaliana kwamba vioski vingi tunavyoviona leo vina mizizi katika hofu ya siku zile. Mtu hakutaka kuvuka mji kwa ajili ya kiberiti.

Pili, pesa. Franka ya Congo ilizaliwa mwaka 1998, lakini huku kwetu wakati wa vita shilingi ya Uganda ilitembea kama pesa ya nyumbani, pamoja na dola. Mali ya dukani ilitoka upande huohuo, kwa ziwa kupitia Kasenyi, au kwa njia ya Mahagi na Aru. Mazoea hayo yamebaki. Soma karatasi ya sabuni au ya mafuta uliyonunua asubuhi ya leo, utaona imetoka wapi.

Tatu, Mei 2003. Askari wa mwisho wa Uganda waliondoka tarehe 6, na mapigano ya wanamgambo yakashika mji. Maduka ya katikati na soko viliporwa. Maelfu ya watu walikimbilia penye walinda amani wa MONUC, wengine uwanja wa ndege, na kwa majuma kadhaa katikati ya Bunia hapakuwa na duka la kutafuta. Watu walikula kilichogawiwa na mashirika, au kilichochumwa katika mashamba ya jirani aliyekimbia. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaruhusu jeshi la nchi za Ulaya kuja, Ufaransa mbele, katika operesheni iliyoitwa Artemis, iliyodumu hadi mwanzo wa Septemba. Walioishi siku zile hukumbuka jambo dogo: waliotangulia kurudi katikati ya mji hawakuwa matajiri wenye milango ya chuma. Walikuwa wamama na masinia kichwani, wakiuza ndizi na karanga kando ya maduka yaliyovunjwa. Milango ilifunguliwa baada yao.

Baada ya hapo wageni wakawa wengi, MONUC na mashirika yake, na wageni hula. Yakatokea maduka yenye jibini, divai, mkate wa namna nyingine na friji zinazonguruma kwa jenereta. Kodi za nyumba za bulvari zikapanda, na muuzaji mdogo aliyekuwa na chumba kimoja cha unga na maharagi akasukumwa nyuma ili apishe simu na kompyuta. Sisemi wageni walifanya vibaya. Vijana wengi walipata kazi. Lakini mtu akiniuliza lini hasa unga wa muhogo ulitoka bulvari, nitamwambia ulitoka polepole katika miaka ya amani, bila risasi.

Walioilisha Bunia

Mwezi wa Desemba 2017 Djugu iliwaka tena. Watu walikimbia kwa makundi. Wengine wakavuka ziwa kwenda Uganda, wengine wakaja Bunia. Hospitali Kuu, viwanja vya makanisa, kandokando ya ISP, kisha Kigonze: mji ukajaa mahema. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa Ebola mashariki ya Congo, nayo ikagusa Ituri pia, na mbele ya kila duka pakawa ndoo ya maji yenye dawa. Mei 2021 ikaja serikali ya kijeshi, ile hali ya dharura ya kuzingirwa ambayo tumeizoea.

Mambo haya mnayajua. Kile ambacho nadhani hatukitazami vizuri ni hesabu ya chakula. Kila anayefika hapa kutoka Fataki, Bule, Drodro au Largu ni mdomo mpya sokoni, hilo linaonekana. Ni pia shamba moja lisilolimwa, na hilo halionekani. Djugu ndiyo iliyokuwa ikiteremsha viazi, kabichi, maharagi, jibini na ng'ombe wa nyama. Wauzaji walioongezeka ni wa nje, na wanunuzi walioongezeka ni wale waliokuwa wauzaji. Mali ikikosekana njia ya Mahagi kwa sababu ya mashambulizi, au malori yakingoja kusindikizwa na askari kati ya Komanda na Beni, bei hupanda Bunia kabla ya jioni. Mtu wa Bigo mwenye mshahara hupunguza nyama. Mwenye hema hupunguza siku za kula.

Basi katikati ya mji ukitafuta chakula ufanyeje leo? Nitaeleza nilivyomweleza yule mama, kwa wale ambao bado ni wageni hapa.

Bulvari yenyewe nenda ukiwa na sababu ya bulvari: sukari, chumvi kwa mfuko, mafuta ya dumu, maziwa ya mtoto, au ukiwa umetumiwa pesa kwa simu na unataka kuitoa. Depo nyingi hazisemi kwa sauti kubwa, lakini zinauza mfuko mmoja kwa mtu yeyote, bila kuhitaji kujulikana. Uliza bei katika depo mbili au tatu kabla ya kulipa, na uliza kwa franka. Bei ya dola ikigeuzwa na muuzaji mwenyewe huwa na mguu mmoja mrefu.

Chakula cha sufuria kiko soko kuu na njia ndogo zinazolizunguka. Asubuhi mapema ndipo mizigo inaposhuka, na bei ni ya anayetaka kumaliza haraka arudi kijijini. Mchana mzigo huohuo umepita mikono miwili mitatu. Jioni wauzaji wa mboga hushusha tena, kwa sababu sombe haingoji kesho. Wamama wengi wa kambi wanajua saa hiyo kuliko mtu yeyote.

Halafu kopo. Kununua kwa kopo ni ghali, hata kama pesa inayotoka mkononi ni kidogo. Anayenunua gunia hulipa mara moja. Anayenunua kopo hulipa gunia, msafirishaji, ushuru wa soko, na faida ya kila aliyelishika. Tena makopo hayalingani. Liko lililobonyezwa chini kwa nyundo, ukilijaza linaonekana limejaa na ndani limepungua. Weka kidole ndani kabla halijatiwa maharagi, muuzaji wa kweli hakasiriki. Na omba matabishi. Konzi moja ya juu si kuombaomba, ni desturi ya soko letu, na muuzaji ameihesabu tayari katika bei yake.

Hapa Bigo nimeona wamama wanaofanya likelemba ya chakula. Badala ya kuchanga pesa na kumpa mmoja wao, wanachanga, wanatuma wawili depo au kwa lori linaloshuka, wananunua gunia zima la unga au la maharagi, na kuligawa uani kwa kopo moja lililo lao wenyewe. Wenyeji na waliohama wamo pamoja katika kundi moja. Mmoja wao aliniambia kwamba siku ya kwanza waligombana sana, kila mtu alileta kopo lake kutoka nyumbani, na hakuna mawili yaliyolingana. Wakayatupa yote, wakanunua moja jipya, sasa linalala kwa mama mkubwa wa kundi kama hati ya nyumba. Hilo ni jambo jipya kwa makundi yetu, lakini wazee wakilisikia wanacheka. Wanasema baba zao walifanya vivyo hivyo na chumvi, miaka ile baada ya 1973.

Mashirika nayo yana mkono katika jambo hili. Yakigawa unga, soko la unga linalala siku kadhaa na mchuuzi mdogo analia. Yakigawa pesa kwa simu, bei ya maharagi inaamka siku hiyohiyo, wakati mwingine kabla watu hawajafika sokoni, kwa sababu habari hukimbia kuliko miguu. Wapangaji wa misaada wangefanya vizuri kutotoa pesa kwa kambi zote katika siku moja. Nimesema hivyo redioni, na nasema tena hapa.

Nirudi kwa mama wa Fataki. Tulifika soko kuu jua limekwisha kupanda. Unga wa muhogo alipata kwa mzee mmoja anayekaa karibu na wauza mawese, mweupe, umekauka vizuri. Akaonja kwa ulimi, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba unafaa. Kisha akaenda kwenye maharagi. Aliinama, akachukua kiganja kimoja, akayageuza-geuza kwa kidole gumba kama mtu anayesoma.

"Haya si ya kwetu," akasema.

"Ya Uganda, mama," muuzaji akajibu. "Yamepitia Mahagi. Ya kwenu hayashuki tena sana."

Akanunua makopo mawili. Muuzaji akaongeza matabishi, konzi kubwa kuliko kawaida, nami nikajifanya sijaona. Mama akafunga kifuko, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaniuliza kama kuna njia ya kurudi isiyopita bulvari, kwa sababu ile njia kubwa inamchosha macho. Nikamwonyesha ile ya nyuma ya depo za chumvi.